Udongo wa Ujenzi Usizike Ndiva Zetu

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi tuishio milimani tunaliona kila msimu wa mvua, lakini ambalo halizungumzwi sana katika mikutano yetu. Jambo lenyewe ni udongo unaochimbwa wakati wa kujenga barabara, shule, zahanati na nyumba, kisha ukaachwa uteremke na maji mpaka kwenye mashamba, vijito na ndiva za watu wengine.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Shighatini, Wilaya ya Mwanga, katika milima ya Upare Kaskazini. Siandiki barua hii kupinga ujenzi. Mtu aliyewahi kuona mama mjamzito akiteremshwa mlimani kwa machela usiku wa mvua hawezi kupinga barabara. Mtu aliyewahi kufundisha watoto wawili katika nafasi ya mmoja hawezi kupinga madarasa. Tunataka barabara ya kupitisha ndizi, maharage na kahawa yetu, na tunataka shule. Ninachosema ni kwamba ujenzi wa milimani una kanuni zake, na moja ya kanuni hizo ni kwamba anayeuondoa udongo mahali pake awajibike kuutunza mpaka utulie. Wala sitataja jina la mtu, kampuni wala ofisi, maana shabaha yangu si kumchongea yeyote.

Kwa wasomaji wasiozijua ndiva, nieleze kidogo. Ndiva ni bwawa dogo lililojengwa kwa udongo na mawe, chini kidogo ya chemchemi au kando ya mfereji. Usiku watu wakiwa wamelala, maji machache ya chemchemi hujikusanya humo. Asubuhi mlango unafunguliwa, na yale maji yaliyokusanywa usiku kucha yanatoka kwa nguvu ya kutosha kufika hata shamba la mbali, kwa zamu. Kama yangeachwa yatiririke kidogo kidogo, yangenyonywa na mfereji kabla hayajafika popote. Wapare walijua ujuzi huu kabla ya ukoloni, na mpaka leo ndiva zinasafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu wake na jembe lake.

Sasa, ndiva ikijaa tope maana yake nini? Maana yake ni kwamba maji ya usiku hayana mahali pa kukaa. Zamu inakuwa fupi. Wenye mashamba ya juu wanapata, wa chini hawapati, na ugomvi unaanza. Kwa kawaida anayekosa ni yule asiye na sauti: mjane, mzee, au kijana aliyepewa kipande cha mwisho wa mfereji. Kwa hiyo ninapozungumza habari ya tope nazungumza habari ya chakula, na habari ya amani ya kijiji.

HESABU YA DARASA LA SABA

Watu wengi hudhani udongo unaotoka katika kiwanja kimoja cha ujenzi ni kidogo, haustahili kelele. Hebu tupige hesabu ambayo mwanafunzi wa Darasa la Saba anaiweza.

Tuseme tunataka kujenga jengo la madarasa kwenye mteremko ambao kila ukienda mita 4 unapanda mita 1. Tunahitaji uwanja tambarare wenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 12. Tukiuchimba wote ndani ya mlima, ukuta wa nyuma utakuwa na kimo cha mita 3. Eneo la pembetatu ya udongo uliokatwa ni nusu ya 12 mara 3, yaani mita za mraba 18. Zidisha kwa urefu wa mita 30, unapata mita za ujazo 540. Kwa lori linalobeba mita 5 za ujazo, hizo ni safari 108. Na udongo ukishachimbwa huumuka, kwa hiyo safari zenyewe zitazidi.

Sasa chukua ndiva yenye urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kina cha mita moja na nusu. Ujazo wake ni mita 450. Ndugu msomaji unaona mwenyewe: udongo wa jengo moja la shule unatosha kuizika ndiva hiyo ukabaki.

Tuje kwenye barabara. Katika mteremko mkali wa kupanda mita 1 kwa kila mita 2, barabara yenye upana wa mita 8 ikichongwa yote ndani ya mlima huacha ukuta wa mita 4. Kwa kilomita moja tu udongo utakaokatwa ni mita za ujazo 16,000, sawa na safari 3,200 za lori letu lile. Udongo wote huo unakwenda wapi? Kama hapakupangwa mahali pa kuuweka, jibu linajulikana. Tingatinga linausukuma ukingoni, unateremka wenyewe, unafunika migomba iliyo chini ya barabara, na mvua ya kwanza inauchukua uliobaki.

Si kwamba udongo wote huo hufika mtoni kwa siku moja. Sehemu hukaa, sehemu huteremka mwaka huu, sehemu mwaka ujao. Lakini udongo uliolegezwa, usio na majani wala mizizi, hauna cha kuushika. Tone la mvua likiangukia jani huvunjika nguvu. Likiangukia udongo mtupu hufanya kazi ya nyundo ndogo: hupasua chembe, huzirusha, na maji yanayotiririka huzibeba. Na maji yakizidisha mwendo mara mbili, nguvu yake kwa kiasi kile kile huwa mara nne. Ndiyo sababu mteremko mrefu usio na kizuizi chochote huanza na vijistari vya maji juu, na kuishia na korongo chini.

Wataalamu wa nchi nyingine waliligundua jambo hili zamani. Mwaka 1967 M. Gordon Wolman wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alieleza jinsi mito ya karibu na mji wa Baltimore ilivyobeba udongo kidogo wakati nchi ilipokuwa msitu, ukaongezeka wakati wa mashamba, kisha ukapanda maradufu mara nyingi wakati ardhi ilipokuwa imechimbuliwa kwa ajili ya ujenzi. Mwaka 1970 jimbo hilo la Maryland likatunga sheria ya kuwalazimisha wajenzi wauzuie udongo ndani ya eneo la kazi. Wao wana mashine kubwa kuliko zetu na miteremko midogo kuliko yetu, na bado waliona haja ya kufanya hivyo.

Hapa kwetu pia elimu hiyo haikukosekana. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilipiga Mgeta, katika milima ya Uluguru, ikaleta maporomoko zaidi ya 1,000. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden walipoyahesabu waliona kuwa karibu yote yalikuwa kwenye mashamba na nyasi, na yaliyotokea ndani ya msitu hayakufika hata moja katika mia. Watafiti hao hao walipima malambo kama Ikowa kule Dodoma na Kisongo kule Arusha, wakaonyesha jinsi yalivyokuwa yakijaa mchanga na tope upesi mno. Vitabu vipo. Kinachotakiwa ni kuvitumia.

WAJIBU WA NANI?

Hapa ndipo ninapofika kwenye kiini cha barua yangu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo tunaifahamu sana vijijini, kwa sababu mwananchi anayelima bustani ya mboga karibu na kijito huambiwa aondoke, na asipoondoka hutozwa faini. Sina ubishi na hilo. Vyanzo vya maji ni lazima vilindwe.

Lakini mwananchi huyo huyo akiinua macho anaona lori likimwaga kifusi kwenye bonde lile lile, mchana kweupe, na hakuna anayeuliza. Jembe la mama mmoja kwa mwaka mzima haliwezi kuteremsha udongo unaoteremshwa na tingatinga kwa asubuhi moja. Mtoto wa darasani kwangu anayefundishwa kuwa mmomonyoko huletwa na kilimo kibaya, ukataji miti na mifugo mingi, ananiuliza: «Mwalimu, na ile barabara?» Swali hilo ni la haki, na linataka jibu la haki. Sheria ikimwona mwenye jembe na isimwone mwenye tingatinga, wananchi wataacha kuiheshimu.

Historia ya nchi yetu inatufundisha jambo hilo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru. Mwaka 1955 palitokea ghasia Matombo na mtu akauawa, na baadaye mpango wenyewe ukaachwa. Waluguru hawakuwa watu wasiopenda udongo wao. Walikataa kubebeshwa mzigo kwa amri, bila kushirikishwa na bila kuona faida. Hifadhi ya ardhi inayoanza kwa kumwonea mdogo haidumu.

Nasikia watu wengine wakisema kuwa maendeleo lazima yawe na gharama, na kwamba kumwambia mkandarasi ajenge vizuizi vya udongo ni kumwongezea bei. Ni kweli inaongeza bei. Lakini gharama haifutiki kwa kutoiandika katika mkataba, inahama tu. Inahamia kwa wanakijiji wanaoacha mashamba yao wiki nzima ili kuzoa tope katika ndiva kwa majembe na karai. Inahamia kwa mwenye migomba iliyofukiwa. Inahamia kwa shule ambayo bomba lake limeziba. Na mwishowe inarudi kwa Serikali yenyewe, kwa kuwa kalvati likijaa udongo maji hupita juu ya barabara, na barabara ile ile iliyojengwa kwa fedha nyingi hukatika. Anayelipa mara ya pili ni mlipa kodi.

Tena jambo hili haliishii kwetu mlimani. Maji ya milima yetu yanayoteremka upande wa mashariki huelekea Ziwa Jipe, ziwa tunalopakana na ndugu zetu wa Kenya, ambalo tayari linasumbuliwa na tope na magugu, na ambalo lina aina yake ya perege ijulikanayo kwa jina la ziwa hilo. Kutoka Jipe maji hutoka kwa Mto Ruvu kwenda Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, na ndiko yanakoelekea pia maji ya upande wa magharibi. Kutoka hapo Mto Pangani unashuka mpaka mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Kwa hiyo kifusi kinachomwagwa Upareni kinaweza kuwa habari ya mvuvi wa Nyumba ya Mungu na ya mtu anayewasha taa Tanga.

Yapo pia mambo makubwa zaidi ya kuogopa. Novemba 2009 maporomoko ya ardhi katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, wilayani Same, yaliua watu zaidi ya 20. Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang lilifunika sehemu ya mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Sisemi kwamba maafa hayo yaliletwa na ujenzi. Nasema yanatuonyesha mlima ulioloa unavyoweza kufanya hata bila kuchokozwa. Sasa kama tunaujua hivyo, kwa nini tumkate mlima miguu yake, tumbebeshe kifusi mabegani, halafu tumwelekezee maji ya mitaro yote?

KALENDA YA FEDHA NA KALENDA YA MVUA

Jambo moja dogo lina madhara makubwa kuliko watu wanavyofikiri, nalo ni tarehe ya kuanza kuchimba.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Fedha hupangwa, hugawanywa, zabuni hutangazwa, mkandarasi hupatikana. Mara nyingi mpaka jembe la kwanza linapoingia ardhini, vuli imekaribia. Mwishoni mwa 2021, kwa mfano, nchi nzima ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, na kazi iliagizwa ikamilike ifikapo Desemba. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na watoto wengi walipata mahali pa kukaa. Lakini kwa shule za milimani, Oktoba mpaka Desemba ndiyo miezi ya vuli. Agizo ambalo ni zuri kwa shule ya mbuga tambarare linaweza kuwa la hatari kwa shule iliyo kwenye mteremko.

Ninashauri kwamba kwa maeneo ya milimani, uchimbaji mkubwa ufanywe kati ya Julai na Septemba, udongo uwe umeshindiliwa na kufunikwa kabla ya vuli. Mvua ikishaanza, iendelee kazi ya kuta, paa na sakafu, ambayo haifungui ardhi mpya. Wahusika wa mipango wakitaka wanaweza kupeleka fedha za shule za milimani kwanza, na za tambarare baadaye. Hilo halidai shilingi ya ziada, ila linadai mtu aangalie kalenda mbili kwa pamoja.

YANAYOWEZEKANA

Naomba sasa nitaje mambo machache ambayo yanaweza kufanywa na mkandarasi mkubwa, na hata na mwananchi anayejenga nyumba yake ya vyumba vitatu.

Kwanza, kabla ya kuchimba, pachimbwe mtaro wa kinga upande wa juu wa eneo la kazi, ili maji ya mlimani yazunguke yasipite katikati ya udongo uliolegea. Mtaro huo uishie mahali palipo imara, penye mwamba au majani mengi, si kwenye shamba la jirani.

Pili, ardhi isifunguliwe yote kwa mara moja. Ikatwe sehemu, ikamilishwe, ndipo iendelee nyingine. Na ukanda wa majani na miti upande wa chini usiguswe, kwa kuwa huo ndio chujio la bure.

Tatu, udongo mweusi wa juu utengwe na kufunikwa, usichanganywe na kifusi. Huo ndio wenye rutuba, na ndio utakaorudishwa mwisho ili majani yaote. Mlima unachukua muda mrefu sana kuutengeneza. Mashine inaupoteza kwa saa moja.

Nne, mahali pa kuweka kifusi pajulikane kabla kazi haijaanza, paonyeshwe kwenye ramani, na kijiji kikubali. Pasiwe juu ya chemchemi wala bondeni kwenye njia ya maji. Kifusi kikifika kishindiliwe kwa tabaka, na chini yake pajengwe ukuta wa mawe.

Tano, kuta zilizokatwa na kingo zilizojazwa zipandwe majani mara moja: guatemala, vetiva au majani ya tembo, kwa mistari inayofuata usawa wa mlima. Ng'ombe wetu wa ndani wanakula guatemala na majani ya tembo, kwa hiyo hata mwenye zizi atafaidika. Palipo wazi pafunikwe kwa matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba mpaka mizizi ishike.

Sita, midomo ya kalvati iangaliwe sana. Makorongo mengi ya milimani huanzia pale. Mtaro wa barabara hukusanya maji yaliyokuwa yakitiririka mahali pengi, ukayatoa mahali pamoja kwa nguvu. Afadhali kalvati nyingi ndogo kuliko moja kubwa, na kila moja iwekewe sakafu na ngazi za mawe, na mfereji uliojengwa wa kuyafikisha maji kwenye kijito bila kuchimba shamba la mtu.

Saba, yajengwe mabwawa madogo ya kutulizia tope kabla ya maji kutoka nje ya eneo la kazi, na yasafishwe yakijaa. Lakini tusiyategemee peke yake. Darasani tunafanya jaribio rahisi: chupa tatu za maji, moja tunatia mchanga, nyingine udongo wa shamba, ya tatu mfinyanzi, tunatikisa na kuziweka mezani. Mchanga unatua kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Udongo wa shamba unachukua saa. Chupa ya mfinyanzi kesho yake bado ni nyekundu. Udongo wetu mwekundu una mfinyanzi mwingi, kwa hiyo bwawa la kutulizia litashika mchanga na kuuachia mfinyanzi upite. Dawa kubwa ni kuuzuia udongo usiondoke kabisa. Kuukamata ukishaondoka ni kazi ya pili.

MAOMBI YANGU

Kwa Serikali na wahandisi wake, naomba kazi hizi ziandikwe katika mkataba kama kifungu chenye bei yake, kama vile saruji na nondo zinavyoandikwa. Kikiachwa kiwe wema wa mkandarasi, mwenye wema atashindwa zabuni na asiye na wema atashinda. Tena sehemu ya malipo ya mwisho izuiliwe mpaka majani yaliyopandwa yaonekane yameshika baada ya msimu mmoja wa mvua. Halmashauri zetu zina maofisa wa mazingira kwa mujibu wa sheria. Wapewe usafiri wafike kazini wakati wa mvua, siyo siku ya uzinduzi tu ambapo jua linawaka na kila kitu kimefagiliwa.

Kwa viongozi wa vijiji, naomba tukumbuke kwamba sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Tunazo za kuwazuia mbuzi na za kuwazuia wanaolima kwenye vyanzo. Tuweke na ya kifusi: asiingie mtu na mashine kijijini kabla hajatuonyesha udongo utakwenda wapi. Wazee wa ndiva, ambao wanajua kila mkondo wa maji katika mlima huu, wakae meza moja na mhandisi kabla vigingi havijapigwa. Mhandisi anajua kupima. Wao wanajua maji yalipita wapi miaka yote.

Kwa wananchi wenzangu, nasi tusijitoe lawamani. Tunakata mlima kwa ajili ya kiwanja cha nyumba, udongo tunausukumia kwa jirani wa chini, kisha tunamwambia ni kazi ya mvua. Tunachimba udongo wa matofali karibu na kijito kwa kuwa maji yako jirani. Mvua haina kosa. Tunayotaka Serikali itufanyie kwenye barabara, tuyafanye nyumbani kwetu. Mtu anayejenga nyumba anaweza kuchimba mtaro wa kinga kwa siku mbili, na kupanda mstari wa guatemala na masale kwa siku moja.

Na kwa walimu wenzangu, naomba tuubadilishe kidogo mfano wetu wa mmomonyoko. Badala ya kuchora ubaoni mbuzi na shoka peke yake, tuwatoe watoto nje wakapime ukuta uliokatwa nyuma ya darasa lao, wahesabu mita za ujazo, wafuate maji ya paa na ya uwanja waone yanaishia wapi. Shule nyingi za milimani zenyewe zimejengwa kwa kukata mteremko. Watoto wakipanda majani kwenye ukingo wa shule yao na wakayaona yameshika, watakuwa wamejifunza hesabu, sayansi na uraia kwa siku moja.

Katiba yetu, Ibara ya 27, inasema kila mtu ana wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Neno «kila mtu» linamhusu mwenye jembe na linamhusu mwenye tingatinga. Msimu wa kuchimba ukifika, kabla greda halijapanda mlima, naomba kila anayehusika aulizwe swali moja tu na ajibu kwa maandishi: udongo huu utalala wapi siku ya mvua ya kwanza? Asiyekuwa na jibu asianze kazi.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Shighatini, Mwanga,
KILIMANJARO